Kichungu Kilichobaki Majivuni

Juzi hapa Nduguti nilikuwa najifunza kulipangia tanuri la umeme lipoe polepole, shanga zangu za kioo zisipasuke. Nimelinunua mwenyewe, mimi niliyejisomesha hadi diploma kwa kukaanga chipsi Dodoma.

Joto lake likanirudishia harufu ya mavi makavu ya ng'ombe, ambayo bibi alichomea vyungu. Alasiri niliyoondoka kwenda Dodoma, lori la mjomba lilipiga honi kunichukua, na kichungu alichonifinyangia kilikuwa bado majivuni.

"Bibi, nipe!"

"Subiri, mume wangu. Upepo ukikipiga sasa, kitapasuka."

Nikadhani ananinyima. Nikapanda lori nimenuna, bila kumuaga.

Niliporudi na diploma yangu, shangazi alinikabidhi kichungu. Hakikuwa na ufa hata mmoja. Bibi alikuwa ameshazikwa.