Mzee Asilia na Safu ya Mbele

Mume wangu alikuwa karani wa stoo kwa miaka thelathini, na alipostaafu aliihamishia stoo nyumbani. Chumba cha wageni kimejaa makopo ya skrubu, kila kopo na karatasi yake: "Za mlango, kushoto." "Za mlango, kulia." Wageni wangu wanalala sebuleni. Uani, chini ya turubai, kuna gari kuukuu lenye umri sawa na wangu, ila lenyewe limepakwa rangi mara nyingi kuliko mimi.

Siku lilipovutwa kuingia getini, aliniambia, "Mama watoto, humu nitakuendesha ukae kama malkia." Nikanunua viatu. Miaka kumi na tisa ikapita, viatu vikiwa kabatini, havijakanyaga hata sakafu.

Chama chao cha magari ya zamani kina pande mbili. Wazee, waliompachika mume wangu jina la Mzee Asilia, wanaweza kubishana asubuhi nzima juu ya rangi ya nati ambayo hakuna atakayeiona mpaka gari lipinduke. Vijana nao wameyashusha magari yao mpaka yanakwaruza tumbo kwenye kila tuta, kutu wameiacha makusudi na kuipaka vanishi juu, na kutwa wanapigana picha wameegemea boneti. Wazee wanawaita vijana wahuni. Vijana wanawaita wazee makumbusho. Kuendesha, hakuna anayeendesha.

Binti yetu ni fundi umeme wa magari. Wiki ya maonyesho ya chama aliinama kwenye injini, akainuka akitikisa kichwa.

"Baba, hiki kifaa cha kupeleka moto kwenye plagi kimekwisha. Ninacho kipya, kinakaa humuhumu chini ya kifuniko. Hata hakionekani."

"Humu hakiingii kitu kilichotengenezwa juzi."

"Basi na hiyo miwani yako ivue."

Nikaingilia kati. Nilimwambia baba yake achague: kifaa kiingie, au makopo yatoke. Kifaa kikaingia.

Siku ya maonyesho gari liliwaka papo hapo. Nilivaa viatu vyangu, nikakaa kiti cha nyuma, nikapungia mkono kila mtu njiani, hata wasionijua. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Uwanjani mwenyekiti wa chama, mzee mwenzao, aliwaita vijana. "Sikieni injini hiyo! Kitu halisi ndicho hicho. Hayo madude yenu yatafika hapo lini?" Binti yetu akakohoa.

Kisha akaja mkaguzi na kurunzi yake, akafunua hadi kile kifuniko. Gari lenye kifaa kimoja tu kisicho cha asili halisimami safu ya mbele, ya wanaogombea kikombe. Mume wangu alinitazama, akaitazama safu ya mbele. Akatoa mfukoni kile kifaa kibovu, alichokuwa amekifunga kwenye leso, akakirudisha palepale mbele ya watu. Kile kipya akanipa mimi nishike, kama mtu anayempa mwenzake ganda la ndizi. Wazee wakapiga makofi. Binti yetu akaondoka zake bila kuaga. Kanuni zao zina kurasa arobaini, na hakuna hata moja inayosema gari lazima liwake.

Akapata kikombe. Saa kumi alasiri akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena.

Kifaa kipya kilikuwa mkobani mwangu, na kukirudisha ni kazi ya dakika kumi. Aliutazama mkoba, akawatazama wazee wenzake waliomzunguka, akafunga boneti.

"Tutasukuma," alisema.

Nikafungua mlango wa mbele, nikakaa kwenye usukani.

"Mama watoto, shuka basi, gari zito hili."

"Si ulisema nitakaa kama malkia? Sukuma."

Wakasukuma, wazee wote sita na kikombe chao. Vijana walisaidia mpaka walipopata picha za kutosha. Na kila mara gari lilipotaka kushika kasi, nilikanyaga breki kidogo. Ni za asili, na zinashika vizuri sana.