Siku Darasa Letu Lilipokula Nyama ya Mujomba

Mule shule ya kijiji cha Itebero tulikuwa hivi: Mwalimu Musavuli, Munande wa Butembo, Kahindo, binti ya kaka yake mukubwa mwenye duka la chumvi, Bitasimwa, mutoto wa katekista na binamu yangu, Direkteri Kalume, mukubwa wa shule na shemeji ya katekista, na miye Feza, juu ya magoti paja la nguruwe wa pori, limekaushwa, limefungwa mu majani.

Enzi zetu, baba akiua nyama, paja njo la mujomba, kaka ya mama. Ukilifikisha pungufu, umetukana watu waliokupa mama, wanaweza kumurudisha kwao. Mama alinionya: "Masomo yakiisha, mbio kwa mujomba. Hata inzi asikutangulie!"

Somo lilikuwa namna wazungu waligawana Afrika. Hatukuelewa: mutu anagawa vipi nyama yenye hakuua? Mwalimu akaona furushi langu. "Feza, lete Afrika hapa mbele!" Kahindo akawa Mwingereza, Bitasimwa Mubeleji.

"Na miye, Mwalimu?"

"Weye iko mwenyeji. Mwenyeji hakuitwa ku mukutano wa kugawana. Toka inje."

Mwalimu akageukia ubao kuandika majina ya nchi. Miye dirishani nasikia: "Pardon, Mubeleji, kata tena kidogo." Halafu nikasikia meno. Nikapiga kelele, Direkteri akaja mbio kuleta amani. Akanyamazisha wote, akasema kipande kilichobaki atakilinda mwenyewe. Akakilinda mu tumbo.

Afrika ikabaki mufupa.

Nililia njia yote, nikiona mama amefunga vyombo vyake. Mwalimu alinisindikiza na jogoo mikononi. Mujomba Kasimba akasikiliza somo lote, polepole, akapokea jogoo. Mama akabaki kwetu. Kisha mujomba akauliza:

"Mwalimu, weye umeleta jogoo. Bale bazungu, balileta nini?"

"Hiyo haiko mu kitabu, Papa."

"Basi kitabu hakijaisha."

Leo wajukuu wanasoma mambo hayo ku telefone, vidole mbio kama kuku anadonoa. Nikiwauliza habari ya jogoo, wananijibu miye bibi yao: "Koko, hiyo haiulizwi ku ekzame!" Miye niliacha shule mwaka wa tatu, lakini magari ya wageni yakipanda kwenda machimbo ya zahabu ya Omate, ninachungulia nyuma mwayo. Sijaona hata kifaranga.

Kahindo, Bitasimwa, kama mungali hai na nimekosea jina ao ukubwa wa paja, munirekebishe. Utamu wake munaujua nyinyi. Miye sikuonja.