Dua Yenye Sharti

Miaka ya mwisho ya Mwingereza nilikuwa nikimuuguza mama wodini, pale Bagamoyo. Kitanda cha pili aliletwa mjane kutoka Mapinga, kanga zimelowa damu. Alikuwa amekunywa mizizi ili atoe mimba. Alipopata nguvu ya kusema, alimweleza mama, nami nikasikia. Mimba ilikuwa ya shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, aliyekuwa akimwingilia kwa nguvu tangu eda haijaisha.

"Ningemwambia nani?" alisema. "Nyumba ni yake."

Kila Alhamisi shehe mmoja aliruhusiwa kuwazuru wagonjwa Waislamu, kama padri alivyowazuru watu wake. Wengi walimngojea kuliko dawa. Alhamisi ile aliingia na huyo shemeji, kabeba madafu. Shehe akasimama miguuni pa kitanda, akasema wodi nzima ikasikia:

"Umeua kiumbe cha Mungu. Tubu kwanza, ndipo nikuombee dua."

Shemeji akatikisa kichwa. "Tumemtunza vizuri, shehe. Sijui haya kayatoa wapi."

Mjane akajifunika uso. Msichana wa rika langu hakuwa na ruhusa ya kumsemesha shehe, lakini nilisimama.

"Na huyu uliyekuja naye, shehe, umemwambia atubu?"

Mama akanifinya. Shemeji akaweka madafu chini, akatoka bila kuaga. Shehe alimtazama akienda, kisha naye akaondoka, dua hakusoma.

Jumamosi alirudi peke yake. Akavuta kigoda, akakaa karibu na mto.

"Mwanangu, juzi nilisema kabla ya kusikiliza. Leo nimekuja kusikiliza."

Mjane alizungumza mpaka ikaadhiniwa adhuhuri. Shehe akamwombea dua. Mjane alipopata ruhusa ya kutoka hospitali, mke wa shehe alimchukua kwao, akamlisha uji mpaka akapata nguvu za kusafiri kwa dada yake, Pangani.

Kwa hilo simdhulumu shehe. Lakini kaka yangu alikuwa akimwona shemeji yule msikitini, safu ya mbele, akipewa mkono kama kawaida. Nilipokutana na shehe sokoni nilimuuliza mbona amenyamaza.

"Hakuna shahidi, binti yangu," alisema.

Shahidi alilala mbele yake akivuja damu, naye akamsikiliza asubuhi nzima. Nilimwambia hivyo hivyo, pale kwenye samaki, watu wakisikia. Tangu siku hiyo sikumpa shikamoo.