Mama Gundi agoma kumtoa paka karakanani

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Gundi anakoroga unga wa ngano kwenye sufuria nyeusi, nyuma ya karakana ya kujalidi vitabu. Uji ukianza kuwa mzito anauonja kwa kidole na kutikisa kichwa. Hiyo ndiyo gundi, bado nyepesi. Mezani, juu ya rejesta ya shule, amelala paka mnene wa kahawia asiye na habari na mtu.

"Huyo ni Mkaguzi," anasema. "Usimguse, yuko kazini."

Kazini kweli! Kwa saa nzima ya mazungumzo haya, kazi pekee aliyoifanya ni kugeukia upande wa pili.

Mama Gundi ana miaka hamsini na minane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimalizia hapa. Gundi ya unga, anasema, hushika kuliko ya dukani, ila panya nao wanaipenda. Ndipo Mkaguzi akaajiriwa, bila barua.

Sasa meneja mpya ametoa amri: hadi Ijumaa paka awe ameondoka, la sivyo Mama Gundi amfuate. Amebakiza miaka miwili astaafu.

Meneja ana hoja yake. Mwezi uliopita Mkaguzi alikanyaga gundi mbichi, akapita juu ya jalada jeusi la daftari la mahakama. Likapelekwa hivyo hivyo, na nyayo zake nne nyeupe.

"Hakimu akapiga simu. Nikamwambia, mheshimiwa, huo ni muhuri wetu mpya. Sijui kama aliamini."

Paka akafungiwa nje wiki nzima. Panya wakatafuna migongo ya rejesta kumi na moja. Meneja akaleta sumu.

"Panya akala, akaenda kufia katikati ya rundo la madaftari. Tulimtafuta siku tatu kwa pua. Bosi mwenyewe alihamia kwenye gari lake."

Mkaguzi akarudi kupitia dirishani. Ndipo meneja akatoa amri ya Ijumaa.

Kwa hiyo anampenda kwa sababu ya panya? Mama Gundi anacheka mpaka anashika meza.

"Panya wapi! Huyu kazeeka, anawatisha kwa sura tu. Nampenda kwa kiburi chake. Mimi mabosi wanne wamepita hapa, wote nimewaitikia 'ndiyo, bosi'. Huyu ukimwita anakutazama, anaendelea kulala. Na bado anakula! Nikasema, kumbe inawezekana."

Kisha anaacha kucheka. "Naogopa, nisikudanganye. Mafao yangu yote yako hapa. Lakini simtoi."

Ijumaa ataingia ofisini kwa meneja na neno moja tu.

"Nimeshaanza mazoezi. Jana baba watoto kaniambia nimpigie pasi shati, nikamjibu hapana. Masikini, alikaa kitandani akanitazama kama mgeni. Leo zamu ya binti yangu. Hadi Ijumaa mdomo utakuwa umelizoea."