Biskuti ya Kwanza Kuiva

Chekeni tu, mimi bado naona aibu. Krismasi hii hapa Kitale tulikuwa tunapika biskuti, mimi, mke wangu Nekesa na dada zake. Oveni hatuna, kwa hivyo tulitumia sufuria, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko.

Mama mkwe alikuwa njiani kutoka Misikhu. Alisema atabip kwa simu akifika steji ya matatu, ndio mimi nitoroke jikoni mapema, maana sisi Wabukusu hatumpi mama mkwe hata mkono. Miaka sita ya ndoa, tunasalimiana kwa mbali.

Nekesa na dada zake wakatoka kuteka maji. Nilipofunua sufuria, moshi ukanijaa machoni. Mara nikasikia mtu akiingia. Nani tena, kama si Nekesa? Nilimshika kidevu, nikamtia biskuti mdomoni.

"Tafuna, mpenzi. Si mamako alisema umeolewa na mtu bure kabisa?"

Alitafuna tu, polepole.

Ndipo Nekesa akaita kutoka kisimani: "Baba Simiyu! Simu ya mama imezima, ameingia huko jikoni! Toka haraka!"

Nilifuta macho. Kidevu nilikuwa bado nimekishika.