Umuganda wa Kompyuta Yetu

Mama yangu alishona nguo Nyamirambo tangu sijazaliwa, mpaka mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka na uzi ukakataa kuingia sindanoni. Daktari alitupa vidonge na jina refu la ugonjwa. Mimi, bingwa wa kujipa vyeo, nikamwahidi makubwa. Nikaweka kwenye kompyuta yangu, inayoendeshwa na mfumo wa Linux, programu inayowaazima watafiti nguvu za mashine yako wakati huitumii, nao wanazitumia kuutafutia dawa ugonjwa huohuo.

"Ni kama umuganda, Mama," nilimweleza, nikikumbuka ile siku ya kila mwezi mtaa mzima unapotoka kufagia na kuzibua mitaro. "Kompyuta za dunia nzima zinatoka kufanya kazi pamoja, kila moja na jembe lake."

Akaitazama sana. "Na yetu iko inalima?"

"Inalima, tena mstari wa mbele!"

Uongo mtupu. Kila jioni nikirudi kazini nilikuta haijamaliza chochote, na maelezo ni yaleyale: imesimama, kompyuta inatumika. Inatumika na nani, majini? Asubuhi naiacha imewaka, jioni naizima kwa sababu umeme wetu ni wa kununua, na mchana kutwa nyumbani yuko Mama tu.

Basi nikajitia ufundi. Nikaifuta programu, nikaiweka upya. Nikabadilisha ruhusa za mafaili nisiyoyajua, nikifuata maelekezo niliyoyaelewa nusu, mpaka kompyuta yenyewe ikagoma kuwaka. Nikaanza kila kitu upya huku nikiitukana Linux na ukoo wake. Kwenye jukwaa la watumiaji mtandaoni, mtu mmoja aliniuliza kwa upole kama nina hakika hakuna anayeigusa. Ala! Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi si mtoto, na mama yangu hajui hata kuiwasha.

Wiki ileile tumbo lilinivuruga kazini, nikapanda pikipiki kurudi nyumbani mchana. Mama alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kuzibua mitaro. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kipanya. Ulitetemeka, na mshale kwenye skrini ukatetemeka nao.

"Mama, unafanya nini?"

"Na mimi niko nafanya kazi," alisema. "Watu walime dawa yangu, mimi nikae tu kwa kiti? Hiyo ni aibu, mwanangu."

Nilipaswa kujua. Huyu ndiye ambaye umri umeshamtoa kwenye umuganda, na bado kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi hutoka na ufagio wake, majirani wamkataze wasimkataze.

Neno "usiiguse" lilinifika mdomoni. Nikalimeza. Nikavuta kiti karibu naye, nikafungua mipangilio ya programu, na hapo, ukurasa wa kwanza kabisa, palikuwa na kisanduku chenye alama: simama kompyuta inapotumika. Nilikuwa nimechimbua matumbo ya mashine nzima, mjuaji mimi, bila kuusoma ukurasa huo. Nikaiondoa alama.

Feni ikaanza kuvuma. Mama akashtuka, lakini mkono hakuuondoa.

"Unasikia?" alisema, akicheka. "Iko inalima! Kumbe huu mkono bado unafaa."

Nilimwambia asiutoe.