Barua ya Mama Isack

Mama Isack si mtu wa kuomba. Miaka kumi na moja tunakaa jengo moja hapa Irving, Texas, hajaniomba hata chumvi. Mimi nisiye na haya nimeshaazima kwake mpaka blenda. Jina lake Theodora. Anafanya usafi uwanja wa ndege, na kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, anaendesha gari kwa saa nne hadi gereza lililo nje ya Houston kumwona Isack, mwanawe wa pekee, aliyefungwa maisha kwa mauaji ya mwenye duka. Isack anasema hakuwepo. Amesema hivyo tangu siku ya kwanza.

Mwaka jana wakili wake alipeleka ombi la msamaha kwenye bodi ya serikali, akasema barua ya mama itasaidia. Theodora akaja kwangu na daftari.

"Kudra mdogo wangu, Kiingereza chako kimenyooka. Niandikie."

Akasema, nikaandika: mwanangu amewakosea, naomba mumsamehe, nawapigia magoti kwa niaba yake.

Kwetu ndivyo watu wanavyoomba. Huendi kwa wafiwa ukabishana nani alifanya nini. Unainama kwanza, kosa unalibeba hata kama si lako. Nikatafsiri neno kwa neno, nikajisifu, tukaituma wenyewe bila kumwonyesha wakili. Wajuaji sisi!

Machi ombi likakataliwa. Wakili alipiga simu, hasira zimemjaa. Faili zima linasema kijana hana hatia, alisema, isipokuwa barua ya mama yake.

Isack naye akaletewa nakala ya barua. Jumamosi ile akamuuliza mama yake kwa simu ya wageni, kioo kikiwa kati yao, "Mama, so hata wewe una-believe nilifanya?"

Theodora akamweleza habari ya wafiwa, ya magoti, ya heshima. Kijana amekulia Texas. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka simu chini.

Safari iliyofuata, getini walitazama orodha ya wageni. Jina la Theodora halikuwemo. Isack mwenyewe alikuwa amelifuta.

Nililia mbele yake, nikamwambia nitaandika nyingine, nitaeleza kwamba mimi ndiye niliyekosea.

"Acha, mdogo wangu. Umeshaandika ya kutosha."

Jumamosi yake ikifika bado anaondoka alfajiri. Anafika getini, anataja jina, anaambiwa halimo, anageuza gari. Leo kabla ya kuondoka aligonga kwangu, akaniomba nimfundishe kusema kwa Kiingereza, "Tafadhali, angalia tena."